Udogo Ugeuzao Tabia: Maada za Nano, Maumbo Yake na Kazi Zake

Kila siku katika zahanati zetu, za mijini na za mashambani, mhudumu wa afya humchoma kidole mgonjwa mwenye homa, huchukua tone moja la damu na kulidondosha juu ya kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya robo saa au zaidi kidogo, matokeo husomwa. Mstari mmoja, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe ni kizima, una maana kwamba vimelea havikuonekana. Ikitokea mistari miwili, vimelea vimo na dawa hutolewa. Mgonjwa na mhudumu wote huutazama kwa makini mstari huo mwekundu, lakini ni wachache wajiulizao wekundu wake umetoka wapi. Si wekundu wa damu, wala si wino. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, rangi ile ni rangi ya dhahabu.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Dhahabu aijuayo kila mtu, ya pete na ya mkufu, ni ya manjano. Mtu akiikata pete vipande viwili, kila kipande kitabaki cha manjano. Akivikata tena mara mia, bado vitakuwa vya manjano. Hata hivyo, ikiwezekana kuendelea kukata mpaka kila chembe iwe na upana wa sehemu chache tu za milioni ya milimeta, chembe hizo zikielea ndani ya maji zitayafanya maji yawe mekundu kama juisi ya rosela. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa katika dhahabu hiyo. Kilichobadilika ni ukubwa wake tu.

Jambo tunalokusudia kulifafanua katika makala haya ni hilo. Darasani tumezoea kusema kwamba tabia ya kitu hutegemea elementi zilizomo na jinsi atomi zake zilivyoungana. Kauli hiyo ni kweli, lakini haijakamilika. Katika ulimwengu wa vitu vidogo sana, ukubwa na umbo nazo ni sababu za tabia, na mwenye kuweza kuvitawala viwili hivyo huweza kupata kutoka katika maada ile ile rangi, uimara na utendaji ambao maada hiyo haikuwa nao.

NANOMETA NI KIASI GANI?

Neno "nano" lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kibeti. Katika vipimo vya kimataifa, nanometa moja ni sehemu moja ya milioni elfu ya meta, yaani milimeta moja igawanywe mara milioni moja. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hivi. Uzi wa DNA, ule ubebao urithi wa viumbe, una upana wa nanometa 2 tu. Atomi yenyewe ni sehemu ndogo ya nanometa.

Kwa desturi, maada huitwa ya nano iwapo angalau kipimo chake kimoja, ama urefu, ama upana, ama kina, kiko kati ya nanometa 1 na 100. Msomaji aangalie vema neno "angalau", kwa kuwa ndilo litakalotuwezesha baadaye kuzigawa maada hizi katika makundi.

Wanadamu walizitumia maada hizo kabla ya kuzijua. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, kimehifadhiwa kikombe cha kioo cha Warumi wa karne ya 4, kiitwacho kikombe cha Lycurgus. Kikimulikwa kwa mbele huonekana cha kijani. Kikimulikwa kwa ndani huonekana chekundu. Sababu yake ni chembe ndogo mno za fedha na dhahabu zilizomo kiooni. Aliyeanza kulieleza jambo hili kisayansi ni Michael Faraday, ambaye mwaka 1857 alitengeneza maji mekundu ya dhahabu na kutambua kwamba wekundu ule watokana na udogo wa chembe. Baadaye, mwaka 1959, mwanafizikia wa Marekani Richard Feynman aliwahimiza wenzake wafikirie kuunda vitu kwa kupanga atomi. Neno "nanoteknolojia" lilitumiwa kwanza na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974. Hatua kubwa zaidi ilifikiwa mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walipovumbua, nchini Uswisi, hadubini iwezayo kuonyesha atomi mojamoja juu ya uso wa metali. Waliipatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

SABABU MBILI ZA MABADILIKO

Kwa nini udogo ugeuze tabia? Sababu ni mbili, na zote mbili zaweza kufahamika kwa hesabu za shuleni.

Sababu ya kwanza ni uso. Tuchukue mchemraba wenye upande wa sentimeta 1. Eneo la nyuso zake zote sita ni sentimeta za mraba 6. Tukiukata kuwa michemraba ya milimeta 1, tutapata michemraba 1,000, na jumla ya nyuso itakuwa sentimeta za mraba 60. Maada haikuongezeka hata chembe, ila nyuso zimeongezeka mara kumi. Tukiendelea kukata mpaka kila mchemraba uwe na upande wa nanometa 1, jumla ya nyuso itafikia meta za mraba 6,000, karibu na uwanja mzima wa mpira wa miguu. Na hayo yote yametoka katika mchemraba uwezao kushikwa kwa vidole viwili.

Tulitazame jambo hilo kwa upande wa atomi. Tuseme mchemraba umepangwa kwa atomi 1,000 kila upande. Zilizo juu ya uso hazifiki hata atomi moja katika kila mia. Nyingine zote zimefichika ndani. Lakini mchemraba wenye atomi 10 tu kila upande una atomi 1,000 kwa jumla, na kati ya hizo 488, karibu nusu, ziko juu ya uso. Atomi iliyo ndani imezungukwa na wenzake pande zote. Iliyo juu ya uso imekosa majirani upande mmoja, na kwa hiyo iko tayari kushikana na kitu kipitacho. Ndiyo maana dhahabu, metali isiyopata kutu na isiyotaka kuungana na vitu vingine, ikiwa chembe za nanometa chache huwa kichocheo cha kemikali. Masatake Haruta wa Japani alionyesha mwaka 1987 kwamba chembe hizo huwezesha monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu, kuungana na oksijeni hata penye baridi.

Sababu ya pili ni tabia ya elektroni. Fizikia ya kwanta yatufundisha kwamba elektroni ina sifa za wimbi. Mpiga gambusi ajua kwamba akiufupisha uzi kwa kidole, sauti hupanda. Vivyo hivyo, wimbi la elektroni likibanwa katika nafasi finyu, nishati yake hupanda. Katika kipande kikubwa cha maada mbano huo hausikiki, kwa kuwa nafasi ni tele. Katika chembe ya nanometa chache, mbano ndio unaotawala. Kwa hesabu sahili, nafasi ikipunguzwa nusu, nishati ya mbano huongezeka mara nne. Na kwa kuwa rangi ya nuru hutegemea nishati, kubadili ukubwa wa chembe ni kubadili rangi yake.

Dhahabu ya kipimo cha malaria yahusika na elektroni pia, ila kwa njia nyingine kidogo. Nuru ikiipiga chembe ya dhahabu, elektroni zake huru huyumba zote pamoja, huku na huko, kama maji katika ndoo inayobebwa kichwani. Mwyumbo huo hupatana na mawimbi ya nuru ya kijani, hivyo kijani humezwa, na jicho hubakiwa na wekundu. Watengenezaji wa kipimo huzivika chembe hizo kingamwili zinazoikamata protini ya vimelea. Protini hiyo ikiwamo katika damu, hunaswa pamoja na dhahabu yake penye mstari. Chembe kwa mamilioni hukusanyika mahali pamoja, na jicho laweza kuziona bila hadubini.

JINSI YA KUHESABU VIPIMO

Vitabu vya fani hii hutaja maada za vipimo sifuri, kimoja, viwili na vitatu. Wanafunzi wengi hutatizika hapa, wakidhani kwamba kitu cha vipimo sifuri hakina ukubwa wowote. Sivyo. Kinachohesabiwa ni vile vipimo vilivyo huru, yaani vilivyopita kadiri ya nano. Iwapo urefu, upana na kina vyote vimebanwa ndani ya nanometa 100, hakuna kipimo kilicho huru, na maada ni ya kipimo sifuri: ni nukta. Iwapo viwili vimebanwa na kimoja ki huru, maada ni ya kipimo kimoja: ni uzi au mrija. Iwapo kimoja tu kimebanwa, maada ni ya vipimo viwili: ni utando. Na iwapo vyote vitatu vi huru, lakini ndani yake maada imejengwa kwa sehemu au vitundu vya kadiri ya nano, hiyo ni ya vipimo vitatu.

Kwa bahati njema, elementi moja, kaboni, hupatikana katika maumbo yote hayo. Kwa hiyo tutaitumia kama mfano kila mahali itakapofaa.

KIPIMO SIFURI: NUKTA

Mwaka 1985 Harold Kroto wa Uingereza, pamoja na Robert Curl na Richard Smalley wa Marekani, waligundua molekuli yenye atomi 60 za kaboni zilizofungana kuwa mpira mtupu. Umbo lake ni sawasawa na la mpira wa miguu wa zamani, ule ulioshonwa kwa vipande 12 vyenye pembe tano na 20 vyenye pembe sita. Atomi zimekaa pale zinapokutana pembe. Upana wa mpira huo ni nanometa 0.7 hivi. Molekuli za jamii hii huitwa fulerini. Wagunduzi wake walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996.

Nukta zilizoenea zaidi katika matumizi ni zile za nusukipitishi, yaani maada isiyopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Hizi huitwa nukta za kwanta. Aleksei Ekimov, katika Urusi ya Kisovieti, alizitambua ndani ya kioo mwaka 1981. Louis Brus alizitambua ndani ya kioevu nchini Marekani mwaka 1983. Naye Moungi Bawendi alipata mwaka 1993 njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa ulio sawa. Watatu hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Katika nukta za hizi ile kanuni ya uzi wa gambusi huonekana kwa macho: kwa maada ile ile ya kadimi na seleni, nukta za nanometa 2 hivi hutoa nuru ya buluu, na za nanometa 6 hivi hutoa nuru nyekundu, zilizo katikati hutoa kijani na manjano. Nukta za namna hii hutumika katika televisheni ili kupata rangi safi, na katika maabara za tiba ili kuzitia alama chembe hai zinazochunguzwa.

KIPIMO KIMOJA: MIRIJA

Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani, akichunguza kwa hadubini ya elektroni masizi yaliyotokana na cheche za umeme kati ya vijiti vya kaboni, aliona mirija myembamba mno. Ukuta wa mirija hiyo ni kaboni iliyopangwa kwa pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Mrija wenye ukuta mmoja waweza kuwa na upana wa nanometa 1 tu, ilhali urefu wake ukawa maelfu ya nanometa. Lau mrija wa nanometa 1 kwa 10,000 ungekuzwa mpaka uwe mnene kama penseli, urefu wake ungepata meta 70.

Ajabu ya mirija hii ni kwamba tabia yake ya umeme hutegemea namna ilivyokunjwa. Mwenye kutaka kulifahamu jambo hili achukue mkeka wenye nakshi. Akiukunja sawasawa, nakshi za ukingo mmoja hukutana na za ukingo wa pili kwa namna moja. Akiukunja kwa kuuhanikiza upande kidogo, nakshi hukutana kwa namna nyingine. Kwa mkeka tofauti ni ya mapambo tu. Kwa mrija wa kaboni, mkunjo mmoja hutoa mrija upitishao umeme kama metali, na mkunjo mwingine hutoa nusukipitishi. Atomi ni zile zile, na majirani wa kila atomi ni wale wale watatu.

Mirija ya kaboni ni imara kuliko chuma cha pua cha uzito ule ule. Kwa sababu hiyo huchanganywa na plastiki na gundi ngumu ili kuziimarisha. Kadhalika hutiwa katika betri za lithi ili kusaidia umeme kupita baina ya punje za maada ya betri.

VIPIMO VIWILI: TANDO

Penseli ya mwanafunzi ina ndani yake madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa nguvu sana, bali tabaka na tabaka hushikana kwa ulegevu. Ndiyo maana penseli huandika: kila tunapoikokota karatasini, tabaka huteleza na kubaki nyuma. Nafasi kati ya tabaka mbili ni nanometa 0.335, kwa hiyo kipande cha kinywe chenye unene wa milimeta 1 kina tabaka zipatazo milioni tatu.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba tabaka moja peke yake haliwezi kudumu, kwamba litajikunja na kuharibika. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, katika Chuo Kikuu cha Manchester, walitumia utepe wa kunata, kama ule tunaofungia vifurushi. Waliubandika juu ya kinywe, wakaubandua, wakaukunja na kuubandua tena na tena, na kila mara tabaka ziligawanyika na kupungua. Hatimaye walipata tabaka moja tu la atomi, na maada hiyo huitwa grafini. Walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Grafini hupitisha umeme na joto vizuri mno, ni imara, na ni angavu: humeza asilimia 2.3 tu ya nuru ipitayo. Leo hutiwa katika wino upitishao umeme, katika rangi za kuzuia kutu, katika vifaa vya kutambua hewa za sumu, na katika maada za kusambaza joto ndani ya simu.

Hapa msomaji wa Tanzania anapaswa kutua kidogo. Madini ya kinywe yamo Mahenge mkoani Morogoro, yamo Ruangwa mkoani Lindi, na yamo Merelani katika miamba ile ile itoayo tanzanite. Kinywe ndicho maada kuu ya upande hasi wa betri za lithi, zile za simu na za magari ya umeme. Lakini kinywe kitokacho shimoni hakifai kuingia katika betri. Ni lazima kisafishwe mpaka kaboni ipite asilimia 99.9, punje zake ziviringwe, kisha zivikwe utando mwembamba wa kaboni. Tofauti kati ya gunia la madini na unga wa betri haimo katika elementi, kwa maana yote mawili ni kaboni. Imo katika usafi, ukubwa na umbo, yaani katika maarifa. Nchi iuzayo gunia huuza kaboni. Nchi iuzayo unga huuza maarifa pia.

VIPIMO VITATU: MAUMBO YENYE VITUNDU

Kundi la nne ni la maada ziwezazo kushikwa mkononi, ambazo hata hivyo ndani yake zimejaa vitundu vya kadiri ya nano. Mfano wa kale ni zeoliti, madini ambayo vitundu vyake havifiki au hupita kidogo tu nanometa 1. Zeoliti hutumika katika viwanda vya kusafishia mafuta ya petroli na katika sabuni za unga.

Mfano mpya ni viunzi vilivyojengwa kwa atomi za metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni, mithili ya nyumba ya miti ambayo fito zake zimefungwa kwa kamba penye maungio. Waasisi wake, Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson afanyaye kazi Australia, na Omar Yaghi wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025. Gramu chache za viunzi hivyo zina nyuso za ndani zenye eneo kama la uwanja wa mpira. Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, ambako maji yalikuwa ya shida. Miongoni mwa viunzi vilivyoundwa na wanafunzi wake vimo vinavyonasa mvuke wa maji usiku katika hewa ya jangwani na kuuachia mchana kwa joto la jua.

MAJI YENYE FLORIDI

Maji yana shida yake hapa kwetu pia. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa na kandokando ya Mlima Meru na Kilimanjaro, maji ya chemchemi na visima hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha floridi. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja. Palipo na ziada kubwa, watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, na wanywao maji hayo kwa miaka mingi hupata ulemavu wa mifupa. Kuchemsha hakusaidii; maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki, hivyo huzidi kukolea. Kuchuja kwa kitambaa au mchanga pia hakusaidii, kwa kuwa ioni ya floridi ni ndogo kuliko nanometa moja na hupita kila penye tundu.

Kitu kidogo namna hiyo hakizuiliwi kwa tundu. Hunaswa kwa uso. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, hutumika makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mfupa umejengwa kwa fuwele za fosfati ya kalsi zenye unene wa nanometa chache, kwa hiyo unapochomwa kwa joto lililopimwa, hubaki kitu chenye nyuso nyingi mno ambazo ioni za floridi hushikana nazo. Yaani maada ya nano ilikuwa imelala katika machinjio yetu siku zote.

Naye Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, aliunda chujio liunganishalo mchanga wa kawaida na maada za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Jambo la kuzingatia ni kwamba chujio hufika kikomo: nyuso zikishajaa, halinasi tena, na maji yatokayo yana ladha na wangavu ule ule. Ni kupima tu ndiko kutakakomjulisha mtumiaji. Kwa sababu hiyo chujio bila mtu ajuaye kupima maji ni kinga ya muda.

TAHADHARI

Ikiwa udogo hugeuza rangi na utendaji, hapana sababu ya kudhani kwamba hautageuza madhara. Mwaka 2008 watafiti nchini Uingereza waliripoti kwamba mirija mirefu ya kaboni yenye kuta nyingi, ilipotiwa katika tumbo la panya, ilisababisha uvimbe unaofanana na ule wa nyuzi za asbesto. Mirija mifupi na iliyojikunja haikuonyesha madhara hayo. Hapa tena umbo, wala si elementi, ndilo lililoamua. Kadimi ya baadhi ya nukta za kwanta ni sumu, na kwa hiyo watengenezaji wengi wamehamia katika maada nyingine. Maada ya nano iliyofungwa ndani ya plastiki au kioo haina hatari sawa na unga mkavu unaopeperuka. Anayeshughulika na unga huo hana budi kuyakinga mapafu yake.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu waweza kuuliza: tutafundishaje nanometa bila hadubini ya elektroni? Jibu lipo katika beseni la maji. Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, alichunguza tando za mafuta juu ya maji akiwa jikoni kwake. Barua yake ilichapishwa katika jarida la sayansi la Uingereza mwaka 1891. Nasi twaweza kumfuata.

Chukua sentimeta moja ya ujazo ya asidi ya oleiki, uiongeze spiriti mpaka jumla iwe 100. Chukua 10 za mchanganyiko huo, uongeze tena spiriti mpaka ziwe 100. Sasa mafuta ni sehemu moja katika elfu. Spiriti iwekwe mbali na moto. Hesabu matone ya mchanganyiko yanayojaza sentimeta moja ya ujazo. Tuseme ni 50. Jaza maji katika beseni pana na safi, nyunyiza poda nyepesi juu yake, kisha dondosha tone moja katikati. Poda itakimbia na kuacha duara wazi. Spiriti hupotea, mafuta hubaki yakiwa tabaka la molekuli moja.

Tuseme kipenyo cha duara ni sentimeta 12. Eneo lake ni sentimeta za mraba 113. Tone lilikuwa na mafuta ya ujazo wa 1/50 × 1/1,000, yaani sentimeta za ujazo 0.00002. Ujazo ukigawanywa kwa eneo, unene ni sentimeta 0.00000018, sawa na nanometa 1.8. Mwanafunzi atakuwa amepima, kwa beseni na rula, urefu wa molekuli.

Baada ya hapo wanafunzi wajadili maswali haya: Utando huo ni maada ya vipimo vingapi, na kwa nini? Je, duara lingekuwa na kipenyo gani kama tungedondosha matone mawili? Na kwa nini mchanga wa mtoni hauwezi kunasa floridi, ilhali makaa ya mifupa yaweza? Atakayeyajibu matatu hayo kwa sababu zake ameelewa kiini cha makala haya, na yuko tayari kuuliza juu ya maji ya kisima cha kijiji chake.